Ushuru wa mazao: Mkulima wa Issuna ataijuaje sheria inayotumika?

MFANYABIASHARA anayepakia alizeti Issuna, wilayani Ikungi, kando ya barabara kuu ya Manyoni hadi Singida, hupiga hesabu ya bei ya gunia, nauli na ushuru. Bei huisikia sokoni na nauli huambiwa na dereva. Kiwango cha ushuru, mara nyingi, huambiwa na yuleyule anayemtoza.

Kutojua huko kuna gharama. Tuseme mzigo una thamani ya Sh1,000,000. Kwa asilimia 5 ushuru ni Sh50,000, kwa asilimia 3 ni Sh30,000. Tofauti ya Sh20,000 katika kila safari ni faida ya mchuuzi mdogo.

Juni 2017, aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, Dk Philip Mpango, alipendekeza katika hotuba ya bajeti kushusha ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Pia alipendekeza mzigo usiozidi tani moja usitozwe unapovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine.

Hata hivyo, hotuba ni pendekezo tu. Sheria ni ile iliyopitishwa na Bunge, ikasainiwa na Rais na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Anayebishana kizuizini kwa kutaja hotuba hana silaha.

Tafuta ngazi zote

Ushuru wa mazao unatokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982, Sura ya 290. Sheria hiyo hurekebishwa mara kwa mara, hasa kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Chini yake kuna sheria ndogo za halmashauri, ambazo huidhinishwa na waziri na kutolewa kama Tangazo la Serikali. Sheria ndogo haiwezi kuzidi kile kinachoruhusiwa na sheria mama.

Tarehe nayo ni muhimu. Dai la mwaka 2016 hupimwa kwa sheria ya mwaka huo. Aidha, sheria inaweza kutungwa leo na kuanza baadaye: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilitungwa 1999 lakini ilianza kutumika 1 Mei 2001. Kwa Issuna, anayetafuta sheria ndogo za zamani akumbuke kwamba Ikungi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Singida.

Zinapatikana wapi?

Toleo la Urekebu la Sheria la mwaka 2023 lilizinduliwa Dodoma Aprili 2025 na kuanza kutumika 1 Julai 2025. Vitabu vya toleo la 2002 sasa vinafaa kwa kuchunguza mambo ya nyuma. Mtandao wa TanzLII, ulio chini ya Mahakama ya Tanzania, hutoa sheria na hukumu bure, na tovuti ya Bunge ina sheria na miswada. Asiye na intaneti aanzie kwa mwanasheria wa halmashauri.

Kikwazo ni lugha. Marekebisho ya 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, lakini nyingi za zamani ziliandikwa kwa Kiingereza.

Mkulima akitozwa, aulize namba ya Tangazo la Serikali, mwaka na kifungu, kisha atunze stakabadhi yenye tarehe na kiasi alicholipa. Bila tarehe hiyo, hata mwanasheria hodari hatajua afungue sheria ya mwaka gani.