Hakuna Kitu Kinaitwa "Nguo za Joto"

Haya wadau, leo mwenzenu nimekasirika, mnivumilie.

Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Minnesota, na kila Januari sisi wanafunzi wa kutoka nje tunaletewa mwaliko uleule. Siku tatu, nyumba ya mbao huko kaskazini, kando ya ziwa lililoganda, usafiri bure, chakula bure. Picha ya moshi ukitoka kwenye bomba la jiko, theluji juu ya paa, watu wanacheka. Halafu mstari wa mwisho: "Tafadhali njoo na nguo za joto." Basi! Hayo ndiyo maelekezo yote anayopewa mtu aliyekulia Tanga, ambaye friji ndiyo barafu pekee aliyowahi kuiona.

Mimi nasema sentensi ile ni ya hovyo, na siku moja itamkatisha mtu kidole.

Kwanza, nguo haina joto. Acha koti lako nje usiku kucha, asubuhi utalikuta baridi sawasawa na jiwe. Mwenye joto ni wewe, na unalipata kwa chakula ulichokula. Kazi ya nguo ni kulizuia lisitoroke, na inafanya hivyo kwa kukamata hewa katikati ya nyuzi zake. Ukiielewa hiyo hewa umeelewa karibu kila kitu. Lakini mtu wetu akisikia "nguo za joto" anaelewa nguo nzito. Kwa hiyo anabeba sweta zito la pamba, jinzi mbili, soksi za pamba jozi kumi, na raba. Anaona amejipanga kweli kweli.

Sasa pamba ndiyo adui. Pamba ikilowa maji au jasho, ile hewa inatoka, maji yanakaa mahali pake, na maji yanakunyang'anya joto haraka kuliko hewa. Na jasho huko utalitoa, usijidanganye! Ukipewa koleo usafishe theluji mlangoni, dakika kumi tu mgongo umelowa. Unasimama kupumzika, na hapo ndipo baridi inapokuja kukudai. Sufi na poliesta zikilowa bado zinakusaidia kiasi. Pamba haikusaidii kitu. Ofisi ingeweza kuandika maneno matatu tu, "usivae jinzi nje", wakawa wamefanya kazi kubwa kuliko mwaliko wote na picha zake.

Pili ni upepo. Hivi mmewahi kujiuliza kwa nini dereva wa bodaboda Dar es Salaam anavaa jaketi la theluji, la mitumba, tena wengine wamelivaa kinyumenyume zipu ikiwa mgongoni, na jua linawaka? Yule kaka anajua jambo ambalo ofisi yetu haijalifikiria: upepo ni baridi nyingine inayojitegemea. Hapa Marekani idara ya hali ya hewa ina jedwali lake. Kipimajoto kikisoma nyuzi 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na upepo ukienda kilomita 24 kwa saa, mwili unaonja kama nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Dakika 30! Ni muda wa kutoka kuchukua maji, kupiga picha tatu na kubishana habari za mpira. Na huo wala si mwaka mbaya. Mji wa Tower, hukohuko kaskazini mwa jimbo hili, tarehe 2 Februari 1996 ulifika takriban nyuzi 51 chini ya sifuri.

Kuna mtu ataniambia, "Kaka, hawa ni watu wazima, wajipange wenyewe." Nimeshaambiwa, tena na Mbongo mwenzangu. Haya, tugeuze. Ukimkaribisha Mmarekani kijijini kwenu Rufiji utamwandikia "njoo na nguo nyepesi" halafu ukalale? Si utamwambia habari ya chandarua, ya dawa ya malaria, ya maji ya kuchemsha, na ya mto ule ambao hatakiwi kusogea maana kuna mamba na viboko? Utamwambia yote hayo kwa sababu unajua hajui. Ustaarabu wa mwenyeji ndio huo. Mwenyeji wa hapa hatwambii kwa sababu na yeye hakuna aliyemwambia. Amekua nayo tu. Ninayekaa naye chumba kimoja ni mtoto wa Duluth. Begi lake la safari za huko ni dogo kuliko la kwangu la kwendea maktaba, na kila kilichomo kina sababu. Ilibidi nimkalishe chini kama polisi, nimhoji kitu kimoja kimoja.

Ananiambia nguo tatu tu. Ya ndani kabisa inakaa kwenye ngozi, nyembamba, sufi au poliesta, kazi yake kuondoa jasho. Ya katikati ndiyo ya kukamata hewa, lile sweta laini la manyonya-manyonya. Ya nje ni koti la kuzuia upepo, na liwe pana, maana likibana linaiminya ile hewa uliyohangaika kuikamata. Ukianza kutoa jasho unavua moja KABLA hujalowa. Glavu bora ni zile za kifuko, vidole vinne vikae pamoja vipeane joto. Mzula ufike kwenye masikio. Na buti ziwe kubwa kidogo. Hili la buti lilinishangaza: wengi wetu tunavaa soksi tatu ndani ya kiatu kilekile, mguu unabanwa, damu haipiti vizuri, na baridi inaongezeka. Soksi tatu zinakuwa mbaya kuliko moja! Jozi moja kavu inabaki begini na haiguswi mpaka wakati wa kulala. Simu inakaa mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani betri huzimika upesi kwenye baridi. Tochi ya kichwani lazima, Desemba jua huko linazama karibu saa kumi na nusu jioni, na choo kipo nje. (Ndiyo, cha shimo. Tumevuka bahari kuja kulipiwa choo cha shimo, lakini hayo tuyaache.)

Na kuni usibebe. Zinunue hukohuko. Kuna mdudu anayeua miti ile wanayoiita ash. Aligunduliwa Minnesota mwaka 2009, na kusafirisha kuni ni njia moja kubwa ya kumsambaza.

Lakini kitu kinachoniudhi kuliko vyote hakipo kwenye orodha yoyote niliyowahi kutumiwa, kwa sababu wala si nguo. Ni kengele ya kaboni monoksaidi. Kijidude cha betri, kinaingia kiganjani. Hapa sisi hatuna kisingizio hata kidogo, maana nani kati yetu hajasikia habari ya watu waliolala na jiko la mkaa ndani, milango imefungwa, asubuhi wakakutwa wamekufa? Ni hewa hiyohiyo. Haina harufu, haina rangi, inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito... unadhani ni uchovu wa safari au mafua, unajilaza. Nyumba ya mbao iliyozibwa kila tundu, jiko la kuni ambalo bomba lake halijasafishwa, wageni kumi na wawili waliochoka: unataka nini tena? Februari 2021 Texas ilipopigwa na baridi na umeme ukakatika, kuna watu walichoma mkaa ndani na wengine wakawasha magari gereji ili wapate joto. Baadhi yao hawakuamka. Baridi haikuwagusa hata kidogo. Kilichowaua ni moto.

Na gari vilevile. Mkikwama kwenye theluji, kabla hamjawasha injini mpate joto, mmoja ashuke akafukue ekzosi. Ikizibwa na theluji ule moshi unaweza kurudi ndani mliko. Kwa hiyo koleo na blanketi vinakaa garini, hata kama huko mnakokwenda vipo vingine.

Sasa na sisi wenyewe tusemane. Kuna ndugu zangu hapa wana msemo wa "baridi ni akilini." Anatoka nje kichwa wazi, raba za kitambaa, anapigwa picha zinatumwa nyumbani, mama mzazi anasikia fahari. Baridi ingekuwa akilini, watu wa Makete wangekuwa wanatembea vifua wazi mwezi wa saba asubuhi, majani yakiwa meupe kwa barafu. Nenda uwaone. Mzula hadi kwenye nyusi! Na waulizeni Wasomali wa Minneapolis, wametoka kwenye joto kutushinda na wanaishi hapa miaka mingi. Hutamkuta mama wa Kisomali anabishana na Januari.

Halafu kuna suala la pesa, nalo linazungukwa kila mwaka. Safari wanaiita ya bure. Buti peke yake, mpya, zinakula matumizi yangu ya wiki kadhaa. Matokeo yake mwenye uwezo anakwenda amevaa, asiye nacho ama anabaki bwenini au anakwenda na raba zake akitegemea Mungu. Vyuo vingi nchi hii vina chumba cha kukodisha vifaa vya nje. Chetu kinacho, nimekiona, kimejaa makoti yaliyotundikwa kama buchani. Kuna ugumu gani kuwaazima bure watu kumi na wawili kwa siku tatu? Na kabla ya hapo kuna maduka ya mitumba. Jamani, Wabongo tunashindwa mitumba? Makoti yanayofika sokoni Karume mengine yanaanzia safari yake kwenye nchi kama hizi. Huku unayachambua kabla hayajafungwa kwenye robota, sufi halisi kwa dola chache. Angalia tu kibandiko cha ndani, kikisema pamba kirudishe.

Safari ya mwaka huu ni wiki ya pili ya Februari. Ofisini nimepeleka barua ya ukurasa mmoja, ina orodha yenye majina ya vitu na ombi la makoti ya kuazima na kengele mbili. Ni siku ya nane leo, kimya. Kengele moja nimenunua mwenyewe na itakwenda hata kama mimi sitakwenda. Mizula ninayo mitatu, na buti namba 42 ziko uvunguni mwa kitanda changu. Anayezihitaji apite jioni, nipo baada ya saa mbili.