Gemu kuukuu za Japani si pambo la kabati

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana najua yupo atakayelirudia. Famicom yangu ya kwanza ilifika ikiwa na adapta yake ya Kijapani, ya volti 100, kwa sababu umeme wa majumbani Japani ndio huo. Mimi, mwandika programu mzima, nikaichomeka kwenye soketi ya Nairobi ya volti 240! Ikavuma, ikatoa harufu, ikanyamaza. Bahati mashine yenyewe ilikuwa bado kwenye boksi. Iliyokufa ni adapta peke yake.

Nikaibeba hivyo hivyo nikaenda nayo likizo nyumbani Mkokoni. Kwa wasiopajua, Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni, upande wa bara wa Lamu, ukitazamana na Kiwayu. Ni kijiji cha wavuvi. Kwetu nyumbani umeme ni paneli ya sola na betri ya volti 12. Ami yangu, fundi wa mashine za boti, akaigeuza geuza ile adapta iliyoungua, kisha akaniuliza jambo ambalo mimi sikuwa nimejiuliza: "Kwani hii ilikuwa ikipeleka volti ngapi kule ndani?"

Kumi, ami. Volti kumi za DC, na ndani ya Famicom kuna kile kipande cha 7805 ambacho mafundi wa redio wanakijua vizuri, kinachozishusha mpaka tano. Basi! Tukaunga waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kipande kinapata joto zaidi kidogo kuliko ilivyopangwa, lakini kazi inafanyika. (Tahadhari: kwenye plagi ya Famicom hasi iko katikati na chanya iko nje, kinyume cha adapta nyingi za madukani. Pima kwanza. Ukikosea hapo usije kunilaumu.) Adapta ile imeandikwa miliampea 850, yaani hata ikitoa nguvu zake zote ni wati 8.5 tu.

Picha haikutusumbua, kwa sababu yangu ni ile iliyotoka 1993 yenye nyaya za AV. Ya kwanza, ya mwaka 1983, hurusha picha kwa chaneli za Japani, na TV zetu nyingi hazizipati. Hakikisha pia TV yako inakubali NTSC, la sivyo utacheza nyeusi na nyeupe.

Sasa nije kwenye hoja. Wenzangu kazini hunicheka: kwa nini kuagiza mikebe ya plastiki kutoka Japani wakati gemu hizo zote zinaigizwa na programu kwenye simu? Sina ugomvi na programu hizo, hata mimi ninazo. Ila hebu sikilizeni kilichotokea likizo ile ile. Mpwa wangu alikuwa amenunuliwa mashine mpya ya kisasa, na gemu yake kwenye diski halisi. Akaiweka. Mashine ikakataa kucheza mpaka ipakue nyongeza ya gigabaiti kadhaa. Kwa bando la simu, huko Mkokoni! Mtoto alikaa na diski mkononi likizo nzima. Super Mario Bros. ni kilobaiti 40, na zote zimo ndani ya kaseti. Unachomeka, unawasha, unacheza.

Kama mtu wa programu naona aibu kusema hivi, lakini sisi ndio tuliolegea. Tunauza kitu kisichokamilika, tukijua mtandao utakuja kukimalizia. Na siku duka likifungwa? Machi 2023 Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya 3DS na Wii U, na gemu zilizouzwa humo peke yake haziuzwi tena. Mwaka huo huo shirika la Video Game History Foundation lilikuta kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani hazipatikani tena sokoni. Japani yenyewe ilishaonja mapema: kati ya 1995 na 2000 gemu za Satellaview zilirushwa kwa setilaiti, na baadhi yake hazijaonekana tena hadi leo.

Kwa hiyo naagiza. Lakini nanunua zilizochakaa, zenye jina la mtoto wa Kijapani limeandikwa kwa kalamu mgongoni, zisizo na boksi, za bei ya chini. Agosti 2021 Super Mario Bros. moja ambayo haijawahi kufunguliwa iliuzwa dola milioni 2. Mwenyewe hawezi hata kuichomeka, maana akiifungua tu thamani imekwisha. Huo kwangu ni uwekezaji kama kiwanja, si gemu.

Na jamani, za kwetu je? Zile TV gemu za bandia tulizokua nazo pwani, na kaseti zake za njano za "gemu elfu na kitu", nyingi zilikuwa za pini 60. Hiyo ni kaseti ya Kijapani. Iliyouzwa Marekani na Ulaya ina pini 72, haiingii. Yaani tulikuwa tukicheza umbo la Japani miaka yote bila kujua. Nilipekua sanduku la mama nikapata nne. Tatu zimewaka kwenye Famicom. Usizitupe. Chumvi ya bahari ndiyo adui, basi futa pini kwa pamba yenye spiriti, na uache kupuliza, mate huongeza kutu tu.

Mpwa wangu sasa amenogewa na Dragon Quest ya 1986. Kaseti ile haina betri ya kuhifadhi mchezo. Ukitaka kulala, inakupa maneno ya siri, herufi 20 za Kijapani, uziandike. Zimepangwa tano, saba, tano, tatu, kama zilizopimwa mizani, na ami anasema hata akizisikia haelewi kitu ila anasikia zinatembea. Kaseti nyingine zenye betri zitasahau siku betri ikifa. Hii kumbukumbu yake iko kwenye daftari la shule.

Juzi kanitumia picha ya ukurasa: "Mjomba, inakataa." Nimekodoa macho usiku kucha. Herufi ya saba ni "nu" au "me"? Zinafanana kama pacha, na mwandiko wake ni ule ule wa babu yake.