NJAA YA SIMBA SI UROHO

Wahenga walinena kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sipingani nao, maana mimi ni nani hata nipingane na wahenga? Lakini, ndugu msomaji, yuko kiumbe mmoja aliyenifanya niutazame upya msemo huo. Yeye alikuwa na chakula tumboni na njaa tumboni kwa wakati mmoja. Kiumbe huyo anaitwa Simba, naye ni mbwa wetu wa nyumbani.

Najua baadhi yenu mshaanza kucheka. "Makala nzima juu ya mbwa! Huyu ameishiwa na mada." Chekeni tu, lakini msome hadi mwisho. Ninalotetea hapa ni hili: mbwa anayekonda huku akila sana si mroho wala hakurogwa, na dawa yake si kumpiga, si kumwua, na wala si kumrundikia chakula. Dawa yake ni maarifa na kipimo.

Simba ni wa jamii ya German Shepherd. Mwanzoni mwa mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka miwili, alikuwa na uzito wa kilo 32. Kufikia Desemba mwaka huo alikuwa kilo 21. Tulimpimaje? Nilimbeba mikononi, nikapanda naye kwenye mizani ya mwenye duka la nafaka, kisha nikapanda peke yangu na kutoa hesabu. Wateja walivunjika mbavu kwa kicheko. Mimi sikucheka, maana mbavu za Simba ungezihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara.

La ajabu ni kwamba alikuwa akila kuliko sisi sote. Alimaliza sufuria, akalamba sufuria, akaifuata sufuria jikoni. Aliiba chapati mezani, akapekua jaa la jirani, na niwie radhi msomaji, alikula hata kinyesi chake mwenyewe. Kinyesi chenyewe kilikuwa kingi kupindukia, cha rangi ya udongo wa mfinyanzi, kinang'aa mafuta, na uvundo wake ulitufungisha madirisha mchana kutwa. Haya nayataja makusudi. Mficha maradhi kifo humwumbua.

Basi kila mtu akawa daktari. Nyanya alisema mbwa ana jicho la watu. Jirani mmoja alitutisha kwamba angetushtaki kwa kumnyima mnyama chakula, kwa kuwa Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Katika duka moja la dawa za mifugo tuliuziwa dawa ya minyoo mara tatu mfululizo, bila mtu kumgusa mbwa wala kuuliza anaenda choo cha namna gani. Mama, kwa huruma zake, aliongeza ugali maradufu. Baba akasema, "Huyu mbwa ni gunia lililotoboka. Unajaza huku, yanamwagika kule." Kisha akanyamaza kidogo na kuongeza kwamba baada ya Krismasi angemwita mtu wa kummaliza.

Sikulala usiku ule. Asubuhi nilimpigia magoti Baba tumwone daktari wa mifugo aliyesomea kazi yake, walau mara moja tu, halafu aamue apendavyo. Baba alikubali shingo upande.

Daktari alimtazama Simba, akatuuliza maswali mengi kuhusu kinyesi kuliko kuhusu chakula, kisha akatuagiza tumrudishe kesho yake akiwa hajala kitu. Alitoa damu ikapelekwa maabara kwa kipimo kiitwacho TLI. Majibu yalipofika, alicheka kidogo akamwambia Baba, "Mzee, ulisema kweli. Ni gunia lililotoboka. Lakini tundu lenyewe tunalijua."

Tundu hilo liko kwenye kongosho. Sisi tunaosoma bayolojia tunalikariri kwa ajili ya mtihani: kongosho hutoa vimeng'enya vinavyosaga mafuta, protini na wanga ndani ya utumbo mdogo. Kongosho la Simba lilikuwa limenyauka, likawa halitoi vimeng'enya vya kutosha. Hivyo chakula kilipita tumboni kama abiria asiyeshuka kituo chochote. Mwili ulibaki na njaa, na ubongo ukaendelea kuamuru, "Kula! Kula!" Huo ndio uliokuwa uroho wa Simba. German Shepherd ni miongoni mwa mbwa wanaopatwa zaidi na ugonjwa huu, na aghalabu hujitokeza wakiwa bado vijana.

Sasa naomba usikivu wako, kwa maana hapa ndipo wengi hupotea. Ugonjwa huu haupoi, bali unatunzwa maisha yote. Nguzo ya kwanza ni kumpa mbwa vimeng'enya kutoka nje. Vinauzwa vikiwa unga, na kipimo cha kuanzia alichotupa daktari kilikuwa kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo 10 za uzito, katika kila mlo. Nasema kila mlo! Hata kipande cha mkate alichorushiwa na mgeni, bila unga huo ni kuharisha tu. Unga huchanganywa na chakula kilicholoweshwa kwa maji ya uvuguvugu. Chakula kikiwa cha moto, vimeng'enya vinakufa. Kikiwa kikavu, unga unaweza kumchubua mdomo.

Nguzo ya pili ni chakula chenyewe. Ugali wa unga usiokobolewa, maharagwe na sukuma wiki ni vyakula vizuri kwetu, lakini kwa Simba vilikuwa mzigo. Pumba na nyuzinyuzi nyingi huvizuia vimeng'enya kufanya kazi sawasawa. Tuligeukia wali mweupe uliopikwa ukalainika, nyama isiyo na mifupa na mayai ya kuchemsha. Je, mafuta? Zamani wengi walishauri mbwa wa namna hii anyimwe mafuta kabisa. Siku hizi madaktari wengi hawasisitizi hivyo, kwa sababu mafuta ndiyo yenye nguvu nyingi zaidi, na mbwa aliyekonda anazihitaji. Kinachotakiwa ni kiasi, na kuangalia namna mbwa mwenyewe anavyopokea. Badala ya sufuria moja ya jioni, Simba alipewa milo mitatu midogo. Aidha alidungwa sindano za vitamini B12 mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kwani mbwa wengi wenye ugonjwa huu hupungukiwa na vitamini hiyo, na wasipoipata hawanenepi hata wakipewa vimeng'enya.

Nguzo ya tatu ni daftari. Nilichukua daftari la kurasa 48 nikaandika kila Jumamosi: uzito, chakula, choo. Tukibadilisha kitu, tulibadilisha kimoja tu, ili tukijua kilichomfaa au kumdhuru. Wiki ya pili choo kilianza kushikana. Wiki ya sita alikuwa kilo 25. Kufikia Julai 2023 alikuwa kilo 31, manyoya yanameremeta, na Baba aliyetaka kummaliza ndiye akawa anamwita "askari wangu".

Hadithi ingeishia hapo tungepiga makofi. Lakini mimi nilirudi bweni. Mdogo wangu, aliyeachiwa kazi ya kumlisha, alimhurumia kupita kiasi. Alizoea kumwona mwembamba, kwa hiyo akaendelea kumpa kipimo cha mgonjwa, na juu yake masazo ya mezani yasiyo na unga. Nilipofunga shule Agosti nilikuta Simba wa kilo 36, mzito, anahema akipanda ngazi mbili, na choo kimeharibika tena. Yaani alikuwa amenenepa na kuharisha kwa pamoja!

Hapo nikajifunza kwamba huruma bila kipimo ni ndugu wa ukatili. Mbwa aliyekonda huongezewa chakula mpaka afikie uzito wake, halafu chakula hupunguzwa taratibu. Usingoje mizani pekee. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi, ila usizione zimetokeza. Mtazame kutoka juu: awe na kiuno. Ukimkosa kiuno, punguza chakula, lakini usipunguze vimeng'enya kwa kubahatisha. Kipimo hicho hurekebishwa kwa ushauri wa daktari.

Naisikia sauti ya msomaji fulani ikisema, "Wewe, watu hawana unga wa kula, nawe unanunulia mbwa unga wa dawa?" Swali hilo ni halali, na silipuuzi. Baba alipoona bei ya kopo la kwanza alivua miwani akaipangusa, akaitazama tena. Kwa bahati, iko njia nyingine ambayo madaktari wanaijua tangu zamani: kongosho bichi la ng'ombe, lililokatwakatwa vipande vidogo. Kiasi cha gramu 85 hadi 115 kwa mlo humtosha mbwa wa kilo 20. Hugandishwa kwenye friza likakaa miezi kadhaa bila kupoteza nguvu, lakini ukilipika, umelipika bure. Nilipoliulizia buchani mwenye duka alishangaa. "Kijana, hii kitu hatuuzi. Hii hutupwa. Wewe utaipika na nini?" Nikamwambia haipikwi, akazidi kushangaa.

Hata hivyo sikushauri ukimbie machinjioni leo jioni. Nyama mbichi hubeba vijidudu. Isitoshe, hapa Kenya, hasa Turkana na sehemu nyingine za wafugaji, kuna tegu ambaye mbwa humpata kwa kula viungo vibichi vyenye uvimbe wa maji, kama vile maini na mapafu. Mayai yake yakitoka kwa mbwa na kumwingia binadamu, humfanyia uvimbe mkubwa tumboni au kifuani. Kwa hiyo kongosho litoke kwa mnyama aliyekaguliwa, lisichanganywe na maini wala mapafu, mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari, na mikono ioshwe kwa sabuni. Urahisi wa bei usitununulie ugonjwa.

Na kwa yule asiyeweza hata hilo? Simhukumu. Huenda daktari akamwambia kwamba kumpumzisha mnyama bila maumivu ni bora kuliko kumwacha afe njaa huku anakula. Ninachokataa ni kumhukumu mbwa kabla ya kumpima. Ni wangapi wamepigwa mawe kwa wizi wa mandazi, kumbe ni wagonjwa? Na ni wenyeji wangapi wameitwa wakatili, kumbe wanalisha kutwa mara tatu?

Basi, mwanachama mwenzangu, ukimwona mbwa wa jirani amekonda huku anakula, usicheke, usirushe jiwe, na usikimbilie kumshtaki mwenyewe. Muulize kwanza, "Choo chake kikoje?" Atakutazama kama mwehu. Vumilia. Huenda swali hilo la aibu likaokoa uhai, kama lilivyomwokoa Simba, ambaye wakati ninaandika haya amelala miguuni pangu akingoja saa kumi na mbili na kijiko chake.