Upanga wa Heshima na Jenerali wa Garissa



Mama mmoja wa mjini Garissa ameniletea swali la mwanawe. Mtoto alitazama picha za Kasarani za tarehe 13 Septemba 2022, akamwona Rais Uhuru Kenyatta akimkabidhi Rais William Ruto upanga pamoja na Katiba. Akauliza: zama hizi za ndege na mizinga, upanga ni wa nini?

Upanga wa namna hiyo haubebwi kwa ajili ya kupigana. Ni alama ya amana. Afisa huuchomoa kwa amri na kuurudisha alani kwa amri, watu wajue kwamba nguvu aliyopewa si mali yake.

Asili ya umbo lake ni karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani. Tangu mwaka 1831 majenerali wa Uingereza hubeba upanga wenye mpini wa Kimamluki, yaani wa wale askari Waislamu walioitawala Misri karne nyingi. Askari wa majini wa Marekani nao husimulia kwamba afisa wao, Presley O'Bannon, alitunukiwa upanga kama huo na Hamet Karamanli, wa ukoo uliotawala Tripoli, baada ya vita vya Derna mwaka 1805. Maafisa wao walianza kubeba upanga wa umbo hilo mwaka 1825. Basi alichokishika Mzungu kwa fahari kilitoka mikononi mwa Waislamu. (Na kwa akina mama waulizao habari za mapambo: mafakihi wetu wa Kishafii wameruhusu fedha katika silaha za mwanamume, dhahabu wakaikataza.)

Hapa kwetu, jina linalostahili kutajwa panapotajwa upanga wa jenerali ni la Mahamoud Mohamed, mwana wa Garissa. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi, wakakiteka kituo cha Sauti ya Kenya mjini Nairobi. Mahamoud, aliyekuwa naibu kamanda wa jeshi la nchi kavu, aliongoza askari waliokikomboa. Jeshi la anga likavunjwa, likaundwa upya chini yake. Kuanzia mwaka 1986 hadi 1996 akawa Mkuu wa Majeshi ya Kenya. Ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed, alikuwa waziri katika serikali hiyohiyo.

Sasa tuyaweke mambo haya kando ya mengine tunayoyajua. Watu wa Garissa hawajasahau Bulla Kartasi ya Novemba 1980, mtaa ulipoteketezwa, wala wa Wajir hawajasahau Wagalla ya Februari 1984. Sheria za hali ya hatari zilizowekwa kaskazini mashariki wakati wa vita vya shifta hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Na mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni wakachunguzwa uraia, waliothibitishwa wakapewa kadi ya pili ya rangi ya waridi. Mwaka huo Mkuu wa Majeshi alikuwa Msomali! Serikali ilimwamini mtu mmoja kwa majeshi yote, na haikuwaamini binamu zake kwa kipande cha karatasi.

Wapo wanaomlaumu jenerali kwa kutosema, na wapo wasemao kwamba askari hutii. Mimi nayaacha ya moyoni mwake kwa Mola wake. Lakini sikubali hoja ya wanaotuambia kwamba cheo chake ni ushahidi kuwa hatukudhulumiwa. Heshima ya mmoja haikumfutia mjane wa Wagalla machozi, wala haikumpa kijana wa Ijara kitambulisho.

Mwezi wa Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba uchunguzi wa ziada kwa waombao vitambulisho katika kaunti za mpakani umeondolewa. Ni habari njema, na mahali pa kuipima ni kwenye dawati la msajili. Kwa hiyo, dada zangu, mpatieni kila mtoto cheti cha kuzaliwa mapema, wala msingoje atimize miaka 18. Na fungueni masanduku ya wazee. Ikiwa babu alikuwa askari, hati yake ya kuachishwa kazi na nishani zake zisichezewe na watoto wala zisiliwe na mchwa. Ziwekeni pakavu, pamoja na vitambulisho vya zamani vya familia.