Nahau za Wageni Vinywani mwa Vijana Wetu

Upo ugonjwa uliokwisha kuzoeleka katika shule zetu za sekondari, na kwa kuwa umezoeleka hauitwi tena ugonjwa. Mwanafunzi hupewa orodha ya nahau za Kiingereza azikariri kama kasuku: mvua inyeshayo paka na mbwa, mtu afaye kwa kuipiga ndoo teke, siri ifichukayo kwa kumtoa paka mfukoni. Akiweza kuzipachika tatu katika insha moja, husifiwa kuwa Kiingereza chake kimekomaa. Mwambie kijana huyo huyo aeleze kwa Kiingereza sahili jinsi maji yageukavyo kuwa mvuke, utamwona akiyatafuta maneno darini.

Watetezi wa desturi hii husema kwamba asiyejua nahau hajajua lugha. Kweli, lakini nahau zipi? Ile ya paka na mbwa ni pambo kuukuu. Kinachowatoka Waingereza vinywani kila saa, nyumbani na kiwandani, ni vitenzi vyao vifupi vifuatwavyo na vijineno vya mahali. Kwao "kutoa juu" ni kukata tamaa; gari "likivunjika chini" limeharibika; na "kuweka juu na" mtu ni kumvumilia. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake iliyotoka London mwaka 1755, alikiri kuwa vitenzi vya namna hii huwatatiza mno wageni. Ikiwa mtunga kamusi Mwingereza aliona hivyo, ni uonevu kumdai kijana wa Songea au Kigoma avijue kwa kunakili orodha ubaoni.

Hata hivyo havikosi utaratibu, na hapa ndipo tuwalaumupo walimu. Kijineno "juu" kikifuata kitenzi cha kula au cha kutumia, mara nyingi huonyesha kwamba jambo limefika ukomo: chakula kimeliwa hata kikaisha. Je, mambo haya ni mageni kwetu? La hasha! Sisi husema kutupilia mbali na kuulia mbali. Kitenzi kimenyambuliwa, neno la mahali likafuata, wala hatukusudii umbali wa hata hatua moja. Funga tumeigeuza fungua, ziba ikawa zibua: kazi ambayo Mwingereza mara nyingi humwachia kijineno kilicho nje, sisi tumeitia tumboni mwa kitenzi chenyewe. Tena twapiga pasi, twapiga kura, twapiga mbizi, na hakuna aliyeumia. Mwanafunzi aliyefunzwa kuyaona hayo katika lugha yake angekiendea Kiingereza akiwa na taa mkononi.

Badala yake, avukapo kidato cha kwanza huambiwa aiache taa hiyo mlangoni. Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967. Tume ya Rais ya Elimu ikapendekeza mwaka 1982 kwamba kipande hadi sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Basi tumepata msomi asiyekaa huku wala kule. Husema "mwisho wa siku" akikusudia hatimaye, hata kama ni saa tatu asubuhi. Mkutano wake haufanyiki, bali "huchukua nafasi". Nafasi ya nani, hatuambiwi. Kula chumvi nyingi na mkono wa birika, kwake, ni maswali ya mtihani tu.

Sidai Kiingereza kifukuzwe. Kijana anayetaka uhandisi au udaktari atakihitaji. Nadai orodha zile zitupiliwe mbali, na mwalimu wa Kiingereza akae meza moja na mwalimu wa Kiswahili kabla ya muhula kuanza. Waandike pamoja: huku kitenzi cha Kiingereza na vijineno vyake, huku mnyambuliko wa Kiswahili ubebao maana ile ile. Wengi wao wamo katika chumba kimoja cha walimu, na kazi hii haihitaji kibali cha wizara.