Nikea Haikuwazika Wagnostiki

Mwandishi wa makala ya toleo lililopita anadai kwamba Ugnostiki ndio Ukristo wa asili, na kwamba Kaisari Konstantino aliuzika katika mtaguso wa Nikea mwaka 325. Dai tamu, ila tarehe zinalikana. Nikea walibishania mafundisho ya Ario, padri wa Aleksandria, kuhusu Mwana na Baba. Wagnostiki walikuwa wamekwisha kushambuliwa kwa kalamu na Ireneo wa Lyon yapata mwaka 180, dola ya Roma ikiwa bado inawaua Wakristo. Kaisari gani basi aliyemtuma?

Anatuelekeza Nag Hammadi, Misri, kwenye maandiko ya Kikopti yaliyofukuliwa mwaka 1945. Vema, tuyasome, tusiishie kuyataja. Katika Kitabu cha Siri cha Yohana, muumba wa ulimwengu ni Yaldabaoth, mjinga anayejigamba kuwa hakuna mungu mwingine ila yeye. Hicho ni kitabu cha Mwanzo kilichopinduliwa miguu juu, na aliyekipindua aliijua Torati barabara, na Plato pia. Mizizi ya fikra hizo naiona kwa Wayahudi waliosoma falsafa ya Kigiriki. Nyaraka za Paulo, za miaka ya 50, ni kongwe kuliko maandiko hayo, na humo Yaldabaoth hayumo.

Namkubalia jambo moja: mipaka haikuwa wazi. Valentino, mwalimu wa Kignostiki, alifundisha Roma katikati ya karne ya 2 akiwa miongoni mwa Wakristo, akisoma maandiko yaleyale. Ndiyo maana Ireneo alikasirika kiasi kile.