MNAMCHEKA TEJA LEO, KESHO MNAWEKA MISHUMAA!

Klipu ya sekunde chache tu imetosha. Msanii aliyekuwa anajaza kumbi za Dar anaonekana kijiweni, amekonda, kichwa kimelala kifuani. Anayerekodi anacheka. Mitandaoni maelfu wanacheka naye: kwisha habari yake, kajitakia mwenyewe.

Siku akifa, haohao wataweka picha yake stetasi na mishumaa mitatu. Huo ni unafiki!

Tena ni unafiki unaoua. Teja anayeonekana kasinzia huenda hasinzii. Heroini ikizidi, ubongo unasahau kupumua: anakoroma vibaya, midomo na kucha zinabadilika rangi, ukimwita haitiki. Huyo ni wa kulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali, maana ipo dawa, naloksoni, inayoweza kumrudishia pumzi. Anayerekodi anakula dakika za uhai wa mtu.

Kajitakia? Kete ya kwanza, sawa. Baada ya hapo arosto ndiyo bosi: tumbo linakata, mifupa inauma, jasho linamtoka, usingizi hakuna. Anabwia ili asimame tu, starehe iliisha zamani.

Na mashabiki wakisikia staa katoka soba hausi, wanadhani mchezo umeisha. Wapi! Hapo ndipo pabaya. Mwili uliokaa miezi bila unga hauwezi tena kipimo cha zamani. Akiteleza, kiasi alichokizoea kinaweza kumuua. Sasa mtu katoka msafi, promota hapokei simu, mtaa mzima bado unamwita teja. Atakwenda wapi kama si kijiweni?

Wakati huohuo msaada upo, ila hauna kiki. Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Mgonjwa anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, bure, arosto inatulia, anarudi kazini. Wanaobeza kwamba huko ni kubadilisha unga kwa unga waulizwe: nani anamcheka mgonjwa wa kisukari kwa kuchoma sindano kila siku? Hata simu ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, 119, ni bure.

Bando la kusambaza klipu lipo. La kumtumia mtu njia ya kwenda kliniki limeisha?

Mdau, ungekuwa wewe umemkuta pale kijiweni, ungetoa simu urekodi au uite bodaboda?